Dumu la mafuta hukaa siku ngapi? Kazi halisi ya mtaalamu wa lishe

Kuna karatasi moja inayozunguka kwenye simu na kwenye vibanda vya fotokopi. Upande mmoja vyakula "vinavyoruhusiwa", upande wa pili "vilivyokatazwa", na juu yake pameandikwa kisukari, au presha, au figo. Ukienda kumwona mtaalamu wa lishe ukatoka na karatasi hiyo peke yake, hujahudumiwa. Ulichokosa ni hesabu: sasa hivi unakula kiasi gani, mwili wako kwa hali yake ya leo unahitaji kiasi gani, dawa unazomeza zinagongana na chakula gani, na katika sufuria ileile ya nyumbani kipunguzwe nini ili na wengine nao wale.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Kenya kazi hii ina sheria yake ya mwaka 2007, ndiyo iliyounda KNDI, taasisi inayowasajili wataalamu wa lishe na kuwapa leseni. Muulize namba yake ya usajili kabla hujalipa. Aliyesajiliwa haoni taabu kuitaja. Tanzania kuna makundi mawili ambayo watu huyachanganya. Afisa lishe wa halmashauri kazi yake kubwa ni ya jamii: matone ya vitamini A, udumavu wa watoto, chumvi yenye madini joto, chakula cha shuleni. Wa lishe tiba yuko hospitalini, anapita wodini na anaandika kwenye faili la mgonjwa pamoja na daktari na muuguzi. Huyu wa pili ndiye unayemtaka ukiwa na ugonjwa. Walioko Uingereza wajue kwamba cheo cha dietitian kinalindwa na sheria na wenye cheo hicho wamo kwenye daftari la HCPC, chombo kinachosajili wataalamu wa afya huko, ilhali neno nutritionist mtu yeyote anaweza kulibandika mlangoni. Marekani, tangu Januari 1, 2024, hupati kufanya mtihani wa usajili bila shahada ya uzamili, na kabla yake kuna mafunzo ya vitendo yasiyopungua saa 1,000.

Dalili moja ya haraka ya kumtilia mtu shaka: anayekushauri ndiye huyohuyo anayekuuzia makopo ya unga na vidonge. Huyo ni mchuuzi. Anaweza kuwa mchuuzi mwenye cheti, lakini ushauri wake umeshapata tajiri mwingine.

Mahojiano

Kazi huanza na mizani, kipimo cha urefu na utepe wa kiuno, halafu majibu ya maabara. Hayo ni ya dakika chache. Kinachochukua muda ni kujua mtu anakula nini, kwa sababu hakuna anayedanganya kwa makusudi, ila wote tunasahau. Mazungumzo huenda hivi:

"Jana ulikula nini, mama?"

"Jana sikula kitu, mwanangu. Chai tu asubuhi."

"Ya rangi au ya maziwa?"

"Ya maziwa. Vikombe viwili."

"Sukari?"

"Vijiko vitatu kila kikombe, si nyingi."

"Na kitafunio?"

"Chapati mbili basi."

Hesabu. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4, vijiko sita ni gramu 24. Chapati ya wastani hubeba unga wa ngano gramu 60 hivi, na ndani yake wanga gramu 45. Mbili ni 90. "Chai tu" imeshafika gramu 114 za wanga, na maziwa hayajahesabiwa.

Kisha unarudi nyuma na kupita tena siku nzima, safari hii ukitafuta mapengo. Kati ya chai na chakula cha mchana hukutia kitu mdomoni? Hapo ndipo karanga hutokea, na kipande cha muwa, na juisi ya ukwaju, na kashata mbili alizoletwa na jirani. Siku moja haitoshi. Unataka siku mbili za kazi na moja ya mwisho wa wiki, maana mtu wa Pwani anayekula dagaa na kisamvu Jumanne si yule wa pilau ya Ijumaa au biriani ya harusini.

Kosa la wanaoanza kazi hii ni kuuliza, "Unakula ugali kiasi gani?" Mtu atakuonyesha ngumi, na ngumi hubadilika kwa aibu. Uliza unga. Nyumba ya watu watano inayosonga kilo moja ya unga mchana, kila mmoja amekula unga gramu 200, sawa na wanga gramu 150 hivi. Mchele nao hivyohivyo: kilo moja usiku kwa watu sita ni gramu 167 za mchele mkavu kwa kila mtu, wanga karibu gramu 130. Unga na mchele hununuliwa dukani kwa kilo, na anayepika anajua anachota vikombe vingapi. Sahani hakuna anayeipima.

Mafuta nayo hayaulizwi kwa vijiko. Uliza dumu la lita 3 hukaa siku ngapi na nyumbani wako wangapi. Likikaa siku 30 kwa watu wanne, kila mmoja anapata mililita 25 kwa siku, kama kilokalori 200. Likiisha siku 15, ni 400. Kisha uliza nani hali nyumbani mchana: baba akila mgahawani na watoto shuleni, mgao wa mama anayebaki jikoni ni mkubwa kuliko hesabu inavyosema.

Chumvi ni hivyohivyo. Pakiti ya gramu 500 inayoisha kwa wiki mbili kwa watu watano ni gramu 7 kwa mtu kwa siku, na Shirika la Afya Duniani linataka isifike 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Hapo bado hujahesabu viungo vya mchemraba, mkate, ng'onda na papa wa chumvi. Na magadi! Mwenye presha ataapa kwamba ameacha chumvi, na ni kweli ameacha, lakini maharage yake yanalainishwa kwa magadi na mlenda wake vilevile. Magadi ni sodiamu. Karatasi ya fotokopi haina habari nayo.

Kisukari: wanga, kisha dawa

Turudi kwa mama yule wa chai. Tuseme ana kilo 82 na urefu wa sentimita 158, BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, inakaribia 33. Asubuhi gramu 114, mchana 150, usiku 130: karibu gramu 400 za wanga kwa siku, katika mafungu makubwa matatu. Hakuna kiwango kimoja cha wanga kwa kila mwenye kisukari, lakini kwa mwanamke wa umbo lake wengi huanzia kwenye gramu 45 hadi 60 kwa mlo. Ukimwambia, "Acha ugali," ataacha siku nne. Ukimwambia unga wake mchana uwe gramu 80, na nusu ya sahani iwe mchicha au matembele, na samaki au maharage yajaze pengo, unamkuta bado anafuata mwezi wa tatu. Asubuhi abaki na chapati moja, yai, na chai ya maziwa isiyo na sukari. Sukari ya chai hushushwa kijiko kimoja kila wiki, ulimi huzoea.

Hapa kuna imani moja inayoumiza watu wengi: kwamba dona, mtama na ulezi "havina sukari". Gramu 100 za dona zinapishana na sembe kwa gramu chache tu za wanga. Faida ya dona ni makapimlo, yaani nyuzinyuzi, ambayo hupunguza kasi ya sukari kupanda na hushibisha mapema. Lakini mtu anayeongeza tonge kwa sababu "huu ni wa dona" amejirudisha alikotoka. Uji wa ulezi bila sukari nao hupandisha sukari, tena kwa haraka, kwa kuwa unga uliosagwa laini na kupikwa kwa maji mengi humeng'enywa bila kazi.

Sasa dawa. Mtu akitoka gramu 150 za wanga kwa mlo hadi 60 huku anaendelea kumeza glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, au kuchoma insulini kwa dozi ileile, sukari yake inaweza kushuka vibaya. Dawa haina habari kwamba mmebadilisha chakula. Kwa hiyo mtaalamu wa lishe anayejua kazi yake huandikia daktari kabla ya kupunguza wanga kwa kiasi kikubwa, na huuliza jina la kila kidonge. Anayetumia metformin peke yake hatari hiyo kwake ni ndogo. Mgonjwa lazima aondoke anajua la kufanya akianza kutetemeka na kutoka jasho: kipimo kikiwa chini ya 3.9 (mmol/L), anywe maji yaliyokorogwa sukari vijiko vya chai vitatu hadi vinne, au nusu glasi ya soda ya kawaida, apime tena baada ya dakika 15. Asile chapati wala chokoleti kwa kusudi hilo, kwa sababu mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Ramadhani ndipo mambo yote haya hukutana. Mwenye kisukari anayetaka kufunga aje wiki sita hadi nane kabla, si usiku wa kuandama mwezi, ili dozi na saa za dawa zipangwe upya. Wengine, kama anayetumia insulini na sukari yake haitulii, au mwenye figo zilizochoka, daktari atamwambia asifunge. Anayefunga apime mchana. Kuchoma kidole si kula wala kunywa. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue papo hapo. Futari ya Pwani ina mtego wake: tende, uji, viazi vya nazi, mihogo ya nazi, tambi, kaimati zilizochovywa shira, na sharubati. Vyote hivyo ni wanga, na kila kimoja kimepikwa kwa mapenzi. Kinachowezekana ni tende moja au mbili na maji, kisha uchague kimoja katika vya wanga, ujaze na samaki au nyama na mboga, na kaimati ziwe za siku moja katika wiki. Daku iliwe karibu na alfajiri iwezekanavyo. Anayekula saa sita usiku akalala moja kwa moja amejiongezea saa nne au tano za kufunga bila sababu, na huyo ndiye anayeishiwa nguvu saa tisa alasiri.

Figo: hapa ushauri hubadilika njiani

Kama kuna ugonjwa mmoja ambao haufai kuongozwa na karatasi, ni huu. Mgonjwa ambaye figo zimechoka lakini hajaanza kuchujwa damu hupunguziwa protini, kawaida hadi gramu 0.6 au 0.8 kwa kila kilo ya uzito. Akiwa na kilo 70, gramu 0.8 ni 56 kwa siku. Akianza kuchujwa damu kwa mashine mambo yanageuka, kwa sababu kila awamu inaondoka na protini zake: sasa anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, mpaka 84 kwa siku. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni mgonjwa aliyeambiwa miaka miwili iliyopita aache nyama na mayai, hakuna aliyemwambia hali imebadilika, na anaendelea na wali na mchicha huku misuli inayeyuka. Familia husema ni ugonjwa unamla. Kwa kiasi kikubwa ni njaa. Kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100 kina protini kama 22, yai moja 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15. Hesabu ya 84 haitimii bila kupangwa.

Potasiamu ikizidi husimamisha moyo, na vyakula vyetu vingi vya kila siku vina potasiamu ya kutosha: viazi, mihogo, ndizi za kupika, maharage, mboga za majani, nyanya, parachichi. Glasi ya madafu peke yake ina miligramu 500 hadi 600, na madafu ndiyo watu hupelekea wagonjwa kwa nia njema. Chumvi mbadala inayouzwa kwa wenye presha ni kloridi ya potasiamu. Mgonjwa wa figo asiiguse. Kwa viazi kuna njia: menya, kata vipande vidogo, chemsha kwenye maji mengi, mwaga maji yote, kisha ndipo uviunge. Vipande vya mchemraba hupoteza karibu nusu ya potasiamu, vilivyokwanguliwa vyembamba hupoteza zaidi. Kuloweka kwenye maji baridi usiku kucha, jambo linalorudiwa kwenye karatasi nyingi, hakusaidii sana. Moto ndio unaotoa potasiamu. Na yale maji yakimwagwa yamemwagwa. Mchuzi hautengenezwi kwayo.

Ndipo lije swali la dona. Mgonjwa mwenye kisukari na figo ameambiwa na mmoja ale dona kwa ajili ya sukari, na mwingine ale sembe kwa sababu dona ina fosforasi nyingi. Nani yuko sahihi? Fosforasi ya nafaka na maharage imefungwa ndani ya faiteti, kemikali ya asili ya mbegu, na mwili hunyonya chini ya nusu yake. Ile inayowekwa viwandani, kwenye soda nyeusi za kola na kwenye soseji, karibu yote huingia. Kwa hiyo kabla ya kumnyang'anya mtu dona yake, ondoa kola na soseji, angalia majibu ya damu, halafu amua. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao nao wana fosforasi, na hapo kipimo cha maabara ndicho kinachosema kama waachwe au wapunguzwe.

Maji kwa anayechujwa damu huhesabiwa kwa mkojo: kiasi alichokojoa kwa saa 24, jumlisha mililita 500. Uji ni maji, chai ni maji, supu, barafu, tikiti. Anayelalamika kiu haishi, tazama chumvi yake kwanza, maana hakuna nidhamu ya kunywa inayoishinda chumvi. Birimbi naye atajwe, kwa sababu Pwani tunampenda kwenye achari na kwenye mchuzi: juisi yake ina asidi ya oksaliki nyingi, na glasi yake ikinywewa kama dawa inaweza kuzidhuru hata figo zilizokuwa nzima.

Mengine, kwa haraka

Anayetumia warfarin ya kuzuia damu kuganda mara nyingi huambiwa aache mboga za majani kwa sababu ya vitamini K. Ushauri mzuri ni ale kiasi kilekile kila wiki, na dozi ipangwe juu ya ulaji huo. Hatari iko kwa anayeacha kisamvu mwezi mzima kisha akaenda kijijini akala kila siku. Mjamzito mwenye upungufu wa damu aondoe chai mlo unapoliwa, aisogeze hadi saa moja baada ya kula, na akamulie ndimu kwenye mboga. Tanini za chai hushika madini ya chuma na kuyazuia yasiingie mwilini, vitamini C huyasaidia.

Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 kuna utepe wa kuzungushwa mkononi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, kuanzia 12.5 ni kijani. Nyekundu hakuna kusubiri siku ya kliniki.

Uji wa lishe unahitaji maneno zaidi kidogo. Kuna mashindano ya kuchanganya nafaka tano, sita, pamoja na soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa, vyote vikasagwa mara moja na kuwekwa kwenye ndoo miezi miwili. Nafaka tano hazina lishe mara tano. Zote kwa kiasi kikubwa ni wanga uleule. Soya isiyokaangwa ina kemikali zinazozuia protini kumeng'enywa. Karanga zikishasagwa huchacha, na zikiwa na ukungu hubeba sumukuvu, sumu isiyoonekana wala kuondoka kwa kuchemshwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyohiyo yaliua watu zaidi ya mia moja mashariki mwa Kenya. Nafaka moja safi inatosha. Karanga zichambuliwe, zisagwe kidogo kidogo, na zitiwe kwenye uji wakati wa kupika. Uji ushike kwenye kijiko, usimwagike kama maji: tumbo la mtoto wa miezi saba ni dogo, na ukilijaza maji hakuna nafasi ya chakula.

Tatizo hilohilo la uji mwepesi humpata mtu mzima anayelishwa kwa mrija wa puani. Ndugu hupika uji mwepesi kwa sababu mzito unaziba mrija. Unga gramu 50 kwenye lita moja ya maji hutoa kilokalori 180 hivi. Lita tatu kwa siku ni 540, na mtu wa kilo 60 anahitaji 1,500 hadi 1,800. Mgonjwa anavimba tumbo kwa maji huku anakonda. Dawa ya hapa ni kimea: unga wa ulezi ulioota na kukaushwa, kijiko kimoja kikikorogwa kwenye uji mzito uliopoa kidogo, huufanya mwembamba bila kuongeza maji, kisha unachemshwa tena. Ukitumia mtama, ondoa machipukizi na mizizi yote, yana sumu ya sayanaidi. Ongeza maziwa na mafuta, chuja, na usiuache nje zaidi ya saa mbili. Kichwa cha mgonjwa kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45, na mrija usafishwe kwa mililita 30 za maji kabla na baada ya kila mlo.

Lakini aliyekaa siku nyingi bila kula, kama mwenye uvimbe kwenye koo la chakula, hapewi hizo 1,500 siku ya kwanza. Huanzishiwa kilokalori 10 kwa kilo, yaani 450 kwa mtu wa kilo 45, na vitamini B1 hutangulia. Ndugu hulalamika kwamba hospitali inamnyima chakula. Sababu ni kwamba chakula kingi kikiingia ghafla, insulini hupanda na kuvuta fosfati, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli, na moyo unaweza kusimama mgonjwa akiwa ndiyo kwanza amepata nafuu. Watoto wenye utapiamlo mkali waliolazwa huanza na maziwa ya tiba ya F-75, yenye nguvu kidogo, kabla ya F-100 yenye nguvu zaidi, kwa sababu hiyohiyo.

Wanaokuja kwa ajili ya kupunguza uzito ni wengi, na kwao sina mengi. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha, na kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito tayari hubadilisha presha na sukari. Anayekuahidi kilo kumi kwa siku kumi anakuuzia maji utakayoyarudisha mwilini ukila mlo wa kwanza wa kawaida.

Uende na nini

Beba dawa zako zote kwenye mfuko, pamoja na za mitishamba na vidonge vya vitamini. Majina yake usiyategemee kichwani. Beba majibu ya maabara, hata ya zamani, kwa kuwa kriatinini (kipimo cha figo) ya leo bila ya mwaka jana haionyeshi mwendo. Piga picha pakiti ya chumvi na dumu la mafuta, na uandike tarehe vilipofunguliwa. Andika ulichokula siku tatu bila kujipendezesha. Kama si wewe unayepika, nenda na anayepika. Mwanamume anayekwenda peke yake na kurudi na maagizo kwa mdomo hupoteza nusu yake njiani.

Marudio hupangwa kwa kile kinachopimwa. Aliyebadilishiwa chakula kwa sababu ya potasiamu apimwe damu ndani ya wiki moja au mbili. Kipimo cha HbA1c kirudiwe baada ya miezi mitatu, maana kinasoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, nazo huishi miezi mitatu hadi minne. Ukikirudia baada ya wiki tatu utasoma zaidi ulaji wako wa zamani. Mtoto aliyeko kwenye chakula dawa, yaani chakula maalumu cha pakiti cha kutibu utapiamlo, hurudi kila wiki, akapimwa uzito na mkono, na ile pakiti ya gramu 92 huhesabiwa ameimaliza ngapi. Zikibaki nyingi, uliza nyumbani kuna watoto wangapi wengine.